Mwombezi wa Uruguay

Katika ushirika wetu wa Jumamosi pale Jakobsberg, kitongoji cha Stockholm huku Sweden, kila mtu alipewa nchi moja ya kuombea, na mama ninayetaka kumsimulia alipewa Uruguay. Wengi wetu tulizipoteza nchi zetu baada ya miezi michache, kama mtu anavyopoteza glavu kwenye treni. Mimi nilipewa Finland, iliyo hapo ng'ambo tu ya maji, na sidhani kama niliiombea zaidi ya mara mbili tatu. Yeye aliishika Uruguay kwa miaka yote niliyomjua. Jina la kubatizwa alikuwa nalo, lakini halikutumika. Tulimwita Mwombezi, kwanza kwa utani, halafu kwa heshima, na mwisho kwa mazoea.

Nieleze mpango huu wa nchi ulitoka wapi, maana mgeni anaweza kudhani tulikuwa watu wa imani kubwa. Ushirika ulikuwa mchanganyiko: Warundi, Wanyarwanda, Wakongo wa Bukavu na Uvira, Wakenya wa kuja na kuondoka, na mimi Mtanzania niliyefuata Kiswahili zaidi ya kufuata Neno. Kila tulipofika kwenye kuombea nchi zetu, maombi yaligeuka siasa. Mtu alifumba macho akasema, "Bwana, washughulikie wale waliotumaliza," na mwingine upande wa pili wa duara akafumbua yake. Siku moja watu wazima wawili waligombana wakiwa bado wameshikana mikono ya sala, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuachia. Kiongozi wetu, Mkongo mpole ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba, akaona kwa mwendo huo tutapigana. Akaja na karatasi za wamisionari zinazoeleza nchi za dunia, moja moja: watu wake, uchumi wake, mahitaji yake ya maombi. Akaweka sheria kwamba mbele za watu hakuna kuombea kwenu wala kwa jirani wa kwenu. Hiyo kaombee nyumbani. Tukachota karatasi kutoka kwenye kofia ya sufu ya mwanawe. Amerika ya Kusini karibu yote iliangukia kwa Warundi, na amani ikarudi.

Mwombezi hakujua Uruguay iko wapi. Aliniambia baadaye kwamba kwa wiki nzima alidhani ni sehemu fulani ya Uganda, na alikuwa tayari kwenda kumlalamikia kiongozi kwamba amempa jirani. Binti yake ndiye aliyemwonyesha kwenye ramani, ile nchi ndogo iliyobanwa kati ya Brazili na Argentina. Aliitazama akaihurumia papo hapo. Mrundi anajua maana ya kuwa mdogo kati ya wakubwa.

Namna yake ya kuomba haikufanana na ya mtu mwingine. Sisi tulisema, "Bwana, ibariki nchi ile," tukakaa. Yeye alisema sala isiyo na kitu ndani ni salamu tu, na Mungu ameshachoka na salamu. Aliombea bei ya nyama. Aliombea bei ya sufu. Ng'ombe wa kule waliposhikwa na ugonjwa wa miguu na midomo, aliwaombea kwato, ulimi na ute, akiwa amesimama pale na koti lake la kijivu ambalo hakulivua hata ndani, na vijana waliozaliwa Sweden wakaficha nyuso wasionekane wakicheka. Benki za kule zilipofungwa na watu wakasimama nje wasijue kama akiba zao zipo, alifunga kula huku akisugua sakafu za uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, usafi kule karibu na Märsta. Alikuwa akipanda treni Jakobsberg, akibadilisha Karlberg, na njia nzima midomo yake ikitembea taratibu. Mimi nilikuwa napandia Spånga kwenda kwenye jiko la shule nilikofanya kazi, na tukikutana humo ndani nilijua nisimsemeshe mpaka amalize habari za ng'ombe.

Hakuwa mtaalamu, na sitaki mtu afikiri alikuwa mtaalamu. Karatasi yake ilikuwa kuukuu. Alimwombea rais mmoja hekima ya kutawala wakati mwenyewe ameshastaafu zamani, na tulipomwambia alijibu, "Si ndiyo sasa anahitaji zaidi? Mutu akiacha kazi anabaki na nani?" Alifurahi mno aliposikia kwamba kule wanapanda mikaratusi kwa ajili ya viwanda vya karatasi, kwa kuwa hata kwao Burundi milima imejaa mikaratusi. Kuanzia hapo aliongea habari za misitu ya Uruguay kana kwamba aliwahi kuokota kuni ndani yake.

Kilichomkasirisha ni habari ya dini. Karatasi ilisema watu wa kule waliliweka kanisa kando siku nyingi, na kwamba kwenye kalenda ya serikali yao Krismasi inaitwa Siku ya Familia, na Wiki Takatifu inaitwa Wiki ya Utalii. "Utalii!" alisema, akitutazama sote kana kwamba sisi ndio tuliopitisha sheria hiyo. "Yesu yuko msalabani, wao wako na mabegi!" Lakini kulikuwa na hitaji moja ambalo alilisema kwa sauti tofauti, ya chini, na alilisema kila Jumamosi bila kukosa. Karatasi ilieleza kwamba vijana wanaihama nchi, wazee wanabaki peke yao majumbani, na wengi waliokimbia wakati wa utawala wa wanajeshi hawakurudi tena. Hapo alikuwa akisema, "Bwana, watoto wa Uruguay waliotawanyika, warudishe kwao." Wakati mwingine alirudia, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakuelewa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini analing'ang'ania hilo. Tulikuwa tukiosha vikombe baada ya ibada.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi niko naomba vitu ambavyo siwezi kuona. Bei ya nyama ikipanda, nitajuaje ni mimi? Lakini mutu akirudi kwao, hiyo inaonekana. Ninataka nione mumoja. Mumoja tu. Nikiona mumoja amerudi, nitajua kuna mwenye kusikia."

"Na wewe je, Mama? Hutaki kurudi?"

Alifuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Kurudi kwa nani?" akasema.

Mume wake alibaki Burundi. Neno "alibaki" ni lake, alilisema mara moja tu, na sisi wa ushirika ule tulikuwa na adabu ya kutouliza mtu alibakije. Binti yake alihamia Malmö kwa kazi. Alipiga simu kila Jumapili, mama akauliza kwa Kiswahili na binti akajibu kwa Kiswidi, kila mmoja kwa upendo, na simu ikawa fupi. Nyumbani kwake Mwombezi alipika kama mtu anayetarajia wageni: sufuria kubwa ya maharage na vitunguu na mafuta ya mawese, halafu anayagawa kwenye makopo ya aiskrimu na kuyagandisha. Friza yake ilijaa chakula cha watu ambao hawakuja. Jikoni aliacha redio ikizungumza Kiswidi hata anapokwenda kazini, ili akirudi akute kuna mtu anaongea. Mara ya kwanza aliponieleza sababu ya ile redio nilitamani kulia, na yeye akaona, akanipa kopo la maharage niende nalo.

Pamoja na hayo yote, hakuwa mtu rahisi kukaa naye. Hilo ni la ajabu kwangu mpaka leo: aliwapenda watu wote wa nchi ambayo hajaiona, na jirani wa mlango wa pili alimchosha. Aliwakemea watoto kwenye treni. Alizima taa za watu. Ukimsalimia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akakuuliza kwa nini Watanzania mnasalimia sana lakini hamji kumtembelea mutu. Ukija kumtembelea, baada ya nusu saa alianza kukunja kitambaa cha meza. Alikuwa na hamu ya watu na hakuwa na subira nao, na alijua, na ilimuumiza.

Hasira zake nyingi zilitokea kwenye chumba cha kufulia. Wasiojua majengo ya Stockholm niwaambie kwamba jengo zima hutumia chumba kimoja cha mashine huko chini, kila mtu anaweka zamu yake, na kupitiliza zamu ya mwenzako ni dhambi ambayo hata wasioamini dhambi wanaiamini. Humo ndimo alimokutana na mzee wa ghorofa ya tatu. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye masharubu meupe, ambaye Mwombezi alimhesabu kuwa Mturuki au Mwitaliano, kisha akaacha kujali. Kilichomtia kichefuchefu ni kwamba mzee huyu alishuka asubuhi na kibuyu kidogo mkononi, ndani ya kibuyu mna mrija wa chuma, akaketi kwenye benchi mbele ya mashine akafyonza taratibu mpaka nguo ziishe kuzunguka.

Sasa, kwa Mrundi hakuna haja ya kuuliza mtu mwenye kibuyu na mrija anakunywa nini. Kwao wazee huzunguka chungu cha pombe ya mtama, impeke, kila mtu na mrija wake. Mwombezi aliokoka akaiacha pombe hiyo pamoja na waliokuwa wakiinywa. Akakimbia nchi, akavuka mabara, akafika Jakobsberg, na humo humo chini ya jengo, saa mbili asubuhi, akamkuta Mzungu anafyonza impeke. Jumamosi hiyo alisimama akasema, "Niombeeni jirani yangu. Ni mulevi. Tena mulevi wa mrija, hao ndio wabaya." Tukamwombea. Tulimwombea zaidi ya mwaka afunguliwe kifungo cha pombe. Kiongozi wetu alifikia hatua ya kupendekeza tufunge. Mwombezi mwenyewe alichukua kijitabu cha Kiswidi cha kusaidia walevi akakipenyeza chini ya mlango wa ghorofa ya tatu, na kila alipokutana na mzee kwenye ngazi alibana pumzi.

Mwisho wake ulikuja siku mashine ya kukaushia ilipoharibika, wakalazimika kumsubiri fundi wakiwa wawili, kila mmoja na nguo zake mbichi. Alinisimulia jambo hili mara nyingi, na halikubadilika. Alivumilia mpaka akashindwa. Akamwambia kwa Kiswidi chake, "Pombe inaua."

Mzee akamtazama, akatazama kibuyu. Akaanza kucheka, akamnyoshea. "Nusa."

Akanusa. Harufu ilikuwa ya majani makavu. Yalikuwa majani ya chai, kibuyu kimejaa, na maji ya moto yamemiminwa juu yake.

"Chai kwa mrija?" Mwombezi akauliza. "Ni wapi wanakunywa chai kwa mrija?"

"Kwetu," alisema mzee. "Uruguay."

Mwombezi aliniambia kwamba alikaa juu ya kapu lake la nguo mbichi mpaka gauni likalowa. "Nikamwambia, Uruguay? Ile ya ng'ombe na sufu? Yenye Wiki ya Utalii? Akaniambia, unaijua? Nikamwambia, muzee, mimi ninaijua yote." Yule bwana alikuwa ameishi Sweden miaka thelathini, tangu alipowakimbia wanajeshi akiwa mpangaji herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza bei ya sufu ikoje. Alipopata kuelewa kwamba kuna chumba kizima cha Waafrika wanaoiombea nchi yake, aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua kama amekasirika au vipi, "Kwa hiyo mmekuwa mkiniombea na mimi?"

"Wewe hapana," Mwombezi akamjibu. "Wewe tulikuombea pombe."

Hapo ndipo urafiki ulipoanza. Mzee yule alifiwa na mkewe hapa hapa, watoto wake ni Waswidi wenye shughuli zao, na yeye hakumwamini Mungu hata chembe. "Hakuna mtu huko juu, señora," alimwambia, yaani mama kwa Kihispania. "Yupo, ila wewe umehama bila kumuachia anwani," alijibiwa. Alianza kushuka alasiri, kibuyu mkono mmoja na chupa ya maji ya moto mkono mwingine, na Mwombezi akamtolea maharage kwenye kopo la aiskrimu. Kwa mara ya kwanza friza ile ilianza kupungua. Kiswidi chao kilikuwa kibovu kwa namna mbili tofauti na walielewana kabisa. Wenyeji wa Sweden wangehitaji mkalimani.

Nilifika siku moja nikawakuta. Mzee alikuwa amevua kofia, kibuyu kiko mezani, na Mwombezi amefumba macho anakiombea baraka kwa Kirundi, ndefu, ya kutosha kupoza maji. Mzee alisubiri kwa adabu. Sala ilipoisha alifyonza kwanza, akajaza tena maji, akampa. Kwa kawaida ya nchi yake kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja, wote mnafyonza humo humo. Mwombezi alifyonza bila kuufuta.

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili, "leo unashiriki mrija?"

"Kwetu mrija mumoja ni wa ndugu," alisema. "Usimwambie. Atajivuna."

Redio ilikuwa imezimwa. Niliona hilo kabla ya kuona kitu kingine, na nilirudi Spånga nikiwa na furaha kwa ajili yake na wivu kidogo kwa ajili yangu.

Kuhusu Uruguay yenyewe waligombana. Mzee alisoma ile karatasi ya wamisionari, akiwa amepata wa kumtafsiria, akasema ni matusi. Nchi yake haikuwa gizani, ilikuwa na shule za bure tangu zamani na watu wanaosoma magazeti. Umaskini wake aliujua vizuri kuliko mmisionari yeyote, na haukuhitaji sala, ulihitaji chama cha wafanyakazi. Mwombezi akamuuliza chama hicho kiliwarudisha vijana wangapi. Mzee akachukua kibuyu chake akapanda kwake. Siku iliyofuata hakushuka, na Mwombezi akapanda ngazi mwenyewe na kopo la maharage, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Na kuna ile robo fainali ya Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, Ghana na Uruguay. Tulijazana sebuleni kwa kiongozi, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo, kwa mara moja sote upande mmoja, sote Waghana. Mwombezi aliketi pembeni na koti lake. Dakika za mwisho kabisa mpira wa Ghana unaingia golini, mchezaji wa Uruguay akauzuia kwa mikono miwili. Kadi nyekundu, penalti, Afrika nzima imesimama. Penalti ikagonga mwamba. Katika ule ukimya, kila mtu alisikia sauti ndogo kutoka pembeni ikisema, "Asante, Yesu." Ghana ikatolewa. Kuna watu hawakumsalimia Mwombezi mpaka vuli. Alipanda kwa mzee kumpongeza akamkuta na aibu, anasema mkono ule si wa kujivunia, na kwamba kwa haki walipaswa kufungwa. Mwombezi akateremka amechanganyikiwa: alikuwa amewatetea Waruguay mbele ya Afrika nzima na Mruguay mwenyewe ni Mghana.

Vuli hiyo hiyo mzee alimwambia kwamba anarudi kwao. Watu wa upande wake ndio walioshika serikali sasa, pensheni yake ingemfuata, na dada yake alimwachia nyumba ndogo Montevideo. Mwombezi alikuja ushirika Jumamosi akasimama kutoa ushuhuda. Alisema ameomba miaka mingi kwamba waliotawanyika warudi kwao, na Mungu amejibu, amemchukua mmoja kutoka ngazi yake mwenyewe ili asiwe na shaka. Watu walilipuka kwa vigelegele. Waliomnunia kwa ajili ya Ghana walimkumbatia. Wimbo ukaanzishwa, makofi, ngoma ya ndoo, na mimi niliyekuwa mbele yake niliona kwamba midomo yake haiendi.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake.

"Mama, mwambie abaki," nilisema. "Anasubiri tu umwambie. Mtu anayetaka kuondoka hafungi mabegi taratibu vile."

"Nimwambie abaki?" Alisimama kwenye ngazi akashika chuma. "Miaka yote nimemwambia Mungu, murudishe, murudishe. Leo amenyoosha mukono kumuchukua, mimi nimushike Mungu shati?"

"Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa. Mimi sitaelewa. Nitakuwa nimeomba nini muda huu wote?"

Nilihisi hasira, kusema kweli, sijui juu ya nani.

Kiongozi aliwapeleka uwanja wa ndege kwa gari lake la mabomba, nami nikapanda nyuma kati ya mabegi. Mwombezi alikuwa akiujua uwanja ule kwa sakafu zake tu. Siku hiyo alipita kama msindikizaji, akisukuma kitoroli, na wenzake wa kazi waliokuwa na mafagio walimpungia. Kwenye mlango wa ukaguzi mzee alivua kofia, akasimama. Alimuuliza kama ana neno la kumwambia kabla hajaingia. Alimngoja. Watu walimpita kushoto na kulia, na yeye akaendelea kumngoja na kofia yake mkononi.

"Safari njema," Mwombezi alisema kwa Kiswidi. "Uwasalimie wote."

Baada ya hapo aliendelea kusimama kila Jumamosi kwa ajili ya Uruguay, ila lile hitaji la waliotawanyika hakulitaja tena. Aliomba nyama, sufu na mikaratusi, akakaa. Alistaafu. Ushirika nao ulipungua. Kiongozi alihamia Norway, vijana walikwenda kwenye makanisa yenye gitaa, na mimi nikawa mtu wa kulala Jumamosi. Niliacha kuomba bila uamuzi wowote, kama unavyoacha kumpigia simu rafiki, leo, kesho, mpaka inakuwa aibu kuanza.

Nilikutana naye tena kama mwaka na nusu baada ya mzee kuondoka, kwenye treni ya kuelekea Bålsta, mchana wa theluji inayoyeyuka. Nilikuwa nakwenda Jakobsberg kutengeneza miwani. Alikuwa dirishani na koti lile lile, amepungua. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila utani, akanisogezea begi nikae.

"Muzee ananipigia simu," alisema, kabla hata sijauliza hali. "Kila Jumapili, baada ya binti."

"Anaendeleaje?"

"Vibaya." Alizungumza akitazama nje. "Rafiki zake wote wamekufa. Dukani wanamuuliza ametoka nchi gani, ati Kihispania chake ni cha zamani. Nyumba ni baridi, ananiambia ni baridi kuliko huku, kwa sababu huko hawana mabomba ya moto ukutani. Anakaa na kibuyu chake peke yake, muzunguko hauna mutu wa pili. Na Jumapili hii ameniambia kitu." Milango ya treni ilifunguka, ikafungwa. "Ameniambia, señora, niombee. Yule muzee. Asiyeamini. Ameniambia, mwambie huyo mutu wako nataka kurudi Jakobsberg."

"Si ndilo ulilotaka, Mama! Umemwombea?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Akageuka, na hapo nikaona macho yake. "Siwezi. Nikifunga macho ninamuona amekaa jikoni kwangu. Ninaanza kusema Bwana, ninajikuta ninamupikia. Hiyo si maombi, mwanangu, hiyo ni njaa. Nimewaombea watu wa mbali maisha yangu yote, hilo ninajua. Hili silijui. Omba wewe."

"Mimi, Mama? Mimi nimeacha siku nyingi. Sijui hata pa kuanzia."

"Ndiyo vizuri. Wewe hutaki kitu. Omba."

"Hapa?"

"Sasa kwani unashuka?"

Mbele yetu walikuwa wasichana wawili wa shule na simu zao, na mwanamume mwenye mbwa. Mwombezi alinishika mkono, kiganja chake kigumu kwa miaka ya dawa za sakafu, akainamisha kichwa. Niliona haya. Nilifumba macho ili nisiwaone wale wasichana. Nikatafuta maneno, nikakosa yote yale marefu tuliyokuwa tukiyatumia pale ushirika, nikasema yaliyokuwapo.

"Bwana, yupo mzee mmoja huko Montevideo anataka kurudi huku. Mrudishe. Mpe afya ya safari na nauli. Na mama huyu, Bwana, amebaki peke yake. Amina."

Hakusema amina. Mkono wake ulinibana mpaka pete ikaniuma. Nilipofumbua macho alikuwa ameinama vile vile, machozi yakidondokea mapajani, na wala hakuyafuta.

"Nimekosea, Mama?" niliuliza.

Akatikisa kichwa. Treni ilikuwa inapunguza mwendo, na watu wa Jakobsberg walianza kusimama na kufunga vifungo vya makoti. Yeye hakusimama.

"Rudia," alisema. "Hapo pa mwisho. Sema tena hapo pa mwisho."